VPN imekata lakini ikoni bado ya kijani: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Wadau wa Arusha na Moshi mnaofanya kazi kwa VPN (ile njia iliyofichwa inayopitisha kazi zenu kwenye intaneti mpaka mtandao wa ofisi), hii ni yenu, hasa nyie wa ofisi za utalii mnaoingia kwenye mfumo wa buking mkiwa nyumbani Njiro au Sakina, na wahasibu wa Moshi ambao seva ya mahesabu iko ofisi nyingine kabisa. Malalamiko yanayojirudia ni yale yale, VPN imekata ila ile ikoni pale chini kulia karibu na saa bado inaonesha kijani au kufuli, mtu anaendelea kuchapa kazi akijua yuko salama kumbe hayupo. Hili linaniuma kwa kweli, maana ofisi zetu zinabeba kopi za pasipoti za wageni, taarifa za kadi, mafaili ya wagonjwa, vitu ambavyo sio vyetu, tumeaminiwa tu.

Kabla hujagusa chochote elewa hivi: ikoni haipimi kama data inapita. Inaonesha programu ya VPN inajionaje yenyewe. Programu ikiamini bado imeunganishwa basi ikoni inabaki kijani, hata kama seva upande wa pili ilizimika muda. Ni kama taa ya geti, kuwaka kwake hakukwambii kama mlinzi yupo.

Kwa hiyo unahitaji kipimo chako mwenyewe. Muombe anayesimamia VPN yenu akupe anwani moja ya ndani ambayo inajibu pingi (ujumbe mfupi wa kuuliza mashine kama ipo) ukiwa ndani ya VPN tu, tuseme 10.8.0.1, iandike mahali. Kwenye Windows fungua cmd (lile dirisha la kuandika amri) uandike:

ping 10.8.0.1

Linux na Mac ni hivyo hivyo, ila huko haisimami yenyewe, unaizima kwa Ctrl+C. Ikijibu njia ipo, isipojibu njia haipo, ikoni iseme inavyotaka. Angalizo moja hapa kwa watu wa Windows, ukiona "Destination host unreachable" hilo sio jibu la seva, hata kama chini kabisa inakuandikia pakiti (vipande vya data) zilizopotea ni 0%. Soma ule mstari wenyewe umetoka anwani gani, mara nyingi ni anwani ya mashine yako au ya ruta yako ndo inakujibu hivyo.

Na usitegemee zile tovuti za kuangalia IP yako (anwani unayoonekana nayo mtandaoni) kama kipimo pekee. VPN nyingi za ofisi zimewekwa zipitishe mambo ya ofisi tu, YouTube na Google zinapita nje kama kawaida, hapo IP yako itaonekana ni ya mtandao wako wa simu na wala hakuna tatizo.

DALILI YA KWANZA: Ikoni ya kijani, mfumo wa ofisi haufunguki

Hii ndo inaongoza kwa mbali. Mtu anakuandikia "Kaka VPN ipo, kufuli naliona, ila mfumo unazunguka tu." Sababu nazipanga kuanzia inayotokea sana.

Intaneti yenyewe imekata au imebadilika. Umeme umekatika, ruta imezima, laptopu ikahamia kwenye hotspoti ya simu yenyewe, au bando limeisha. Fungua tovuti yoyote ya kawaida kwanza, isipofunguka basi achana na VPN, shughulika na intaneti. Ikifunguka, kata VPN kisha unganisha upya, usiisubiri ijirekebishe. Walio lodge huko Karatu au popote wanaotumia waifai ya wageni, kuna ile kurasa ya kuingiza namba ya chumba au vocha, muda wake ukiisha waifai inabaki imeshika ila haipitishi kitu, na VPN haijui. Zima VPN, fungua brauza, ingia tena kwenye ile kurasa, ndo uwashe VPN.

Laptopu ilikuwa imelala. Umeifunika ukaenda kula, umerudi baada ya saa nzima, seva ilishakutoa zamani ila ikoni haijapata habari. Kata, unganisha. Ikiwa hata kukata inagoma, funga programu ya VPN kabisa kwa kubofya kulia ikoni yake na kuchagua kutoka, kisha ifungue upya.

WireGuard, moja ya aina za VPN, haina kitu kinaitwa kukatika. Hapa naomba tukae kidogo kwa sababu watu wengi wamehamia WireGuard, ni nyepesi na ya haraka, toka 2020 iko ndani ya kiini cha Linux kuanzia toleo la 5.6, lakini imejengwa kwa namna kwamba ukiiwasha ikoni inasema iko hai palepale, hata kama seva haijawahi kukujibu. Kwake "hai" maana yake intafesi (mlango wa VPN ndani ya kompyuta yako) imewashwa, basi. Ukweli unaupata kwenye mstari wa "latest handshake" ndani ya programu yenyewe, au kwenye Linux kwa amri hii:

sudo wg show

Ule mstari unakwambia mara ya mwisho mashine yako na seva kusalimiana ilikuwa lini. Kama kuna data inapita, salamu inarudiwa kila baada ya dakika 2 hivi, na ikizidi dakika 3 bila salamu mpya funguo za zamani hazikubaliki tena. Kwa hiyo piga pingi kwanza uilazimishe iongee, halafu angalia. Ikionesha sekunde kadhaa uko sawa. Ikionesha dakika kibao au mstari haupo kabisa, hujaunganishwa, usibishane na ikoni. Angalia pia namba za data iliyotumwa na iliyopokelewa, iliyotumwa ikipanda na iliyopokelewa imeganda unaongea peke yako.

Dawa yake inategemea chanzo. Kama inakufa ukikaa kimya kidogo na hasa ukiwa kwenye data ya simu, ni kwamba mitambo ya mtandao husahau njia ya pakiti za UDP (mtindo wa kutuma data ambao WireGuard hutumia) haraka sana zikiwa kimya, basi kwenye faili la mipangilio chini ya sehemu ya [Peer] ongeza:

PersistentKeepalive = 25

Hapo inatuma kitu kidogo kila sekunde 25 ili njia isisahaulike. Chanzo kingine ambacho kinawatesa wenye seva ofisini ni umeme. Umeme ukikatika ofisini, ruta ikirudi inapewa IP nyingine, na WireGuard ya kwako huwa inatafuta IP ya jina la seva mara moja tu pale unapoiwasha, kwa hiyo inaendelea kutuma kwenye IP ya zamani siku nzima na ikoni iko vizuri kabisa. Izime, iwashe, itatafuta jina upya. Ikiwa hili linajirudia kila umeme ukikatika, mwambie msimamizi aombe IP ya kudumu, hiyo ndo suluhisho la kweli.

Anwani zinagongana. Ofisini mnatumia 192.168.1.x na nyumbani ruta yako nayo ni 192.168.1.x, VPN imeunganishwa vizuri tu ila ukitafuta seva ya ofisi 192.168.1.10 kompyuta inaitafuta humo humo sebuleni kwako. Jinsi ya kuijua ni rahisi sana, andika anwani ya ruta ya ofisi kwenye brauza, ukiona inakuja kurasa ya kuingia ya ruta yako ya nyumbani, yenye jina lile lile lililoandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, umeshapata jibu. Badilisha anwani za ruta ya nyumbani ziwe kitu kama 192.168.77.x. Kama hujawahi kuingia kwenye mipangilio ya ruta, tafuta mtu akusaidie, ukikosea unajifungia nje.

Pakiti kubwa hazipiti. Dalili yake ni ya ajabu kidogo, pingi inajibu, kurasa ya kulogini inafunguka, ila ukishaingia kila kitu kinaganda. Jaribu:

ping -f -l 1372 10.8.0.1

kwenye Windows, au ping -M do -s 1372 10.8.0.1 kwenye Linux. Pingi ndogo ikijibu na hii kubwa isijibu, punguza ukubwa wa pakiti. WireGuard kwa kawaida hutumia 1420, ukubwa huo unaitwa MTU, weka MTU = 1280 kwenye sehemu ya [Interface] ujaribu tena. OpenVPN, aina nyingine ya VPN, inarekebishwa kwa mpangilio unaoitwa mssfix, lakini hiyo mwachie msimamizi.

Saa ya kompyuta imerudi nyuma. Hii ni ya desktopu za zamani, betri ya CR2032 kwenye ubao imekufa, umeme ukikatika tarehe inarudi miaka nyuma. OpenVPN itakwambia cheti hakifai. WireGuard haikwambii kitu, inatulia tu ikoni iko hai, kwa sababu kila salamu ina muhuri wa muda na seva inakataa muhuri wa zamani kuliko ule iliowahi kuuona. Rekebisha saa, kisha nunua betri, ni kitu cha bei ndogo kwenye duka lolote la kompyuta mjini.

Simama hapa kama wenzako wote pia hawaingii. Hilo ni la seva, hakuna utakachorekebisha kwenye laptopu yako na kila unachobadilisha kinamuongezea fundi kazi. Na usizime fayawoli wala antivairasi eti kujaribu.

DALILI YA PILI: Ikoni ya kijani, intaneti inapita vizuri, ila inapita nje ya VPN

Watu hawailalamikii sana hii kwa sababu hawaioni, kazi inaenda. Mimi ndo naiogopa kuliko zote.

Inahusu wale ambao VPN yao imewekwa ipitishe kila kitu. Kwanza thibitisha na msimamizi kama yenu ni ya aina hiyo, kisha angalia IP yako ya nje kwenye zile tovuti, ikiwa ni ya mtandao wako wa simu badala ya ya ofisi, unavuja.

Sababu ya kwanza ni kubadilisha mtandao katikati, umetoka kwenye waifai ukaenda hotspoti, njia za VPN zikafutika na programu haijazirudisha. Windows angalia kwa tracert -d 8.8.8.8, hatua ya kwanza kabisa inatakiwa iwe anwani ya ndani ya VPN, ikiwa ni ya ruta au simu yako basi ndo hivyo. Linux ni ip route get 8.8.8.8 na unasoma jina la intafesi, kama ni wlan au wlp badala ya tun0 au wg0 umeshajua.

Ya pili ni OpenVPN ambayo faili lake la mipangilio halina mstari wa persist-tun. Ikipoteza seva inafunga intafesi ili ianze upya, njia zinaondoka nayo, na kwa muda wote huo trafiki yako inatoka nje kama kawaida huku wewe ukiendelea kutuma.

Ya tatu ni IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti unaotumika pamoja na ule wa zamani wa IPv4. Mtandao wa simu unaweza kukupa IPv6 na VPN yako inabeba IPv4 peke yake, tovuti zenye IPv6 zinapita pembeni, na hapo ikoni hata haidanganyi kwa sababu VPN kweli ipo. Fungua tovuti ya kupima IPv6, ikionesha anwani ndefu yenye nukta pacha na si ya ofisi, mpe taarifa msimamizi.

Dawa ya haya yote ni ile swichi ya kuzuia trafiki VPN ikikatika, programu nyingi za VPN zinayo, kwenye WireGuard ya Windows ni kale kaboksi ka "Block untunneled traffic". Iwashe. Itakukera siku ya kwanza kwa sababu VPN ikikata intaneti yote inakata, lakini hiyo ndo kazi yake, na sasa hivi unakuwa na ishara ambayo haiwezi kudanganya.

Ukigundua ulikuwa unatuma taarifa za kadi za wageni au za wagonjwa wakati inavuja, acha hapo hapo usitengeneze kitu, andika saa uliyogundua, piga simu kwa msimamizi. Usikae kimya kwa kuogopa kugombezwa.

DALILI YA TATU: Ikoni inabadilika, lakini imechelewa sana

Mara nyingi huu sio ubovu, ni mipangilio. OpenVPN yenye keepalive 10 60 inasubiri sekunde 60 za ukimya ndo ikubali seva imepotea, na usipowekewa chochote upande wa mteja husubiri 120. Kwa hiyo dakika moja mpaka mbili za kijani cha uongo ni kawaida yake. Ukifungua logi (kumbukumbu za programu), kwa kubofya kulia ikoni na kuchagua "View Log", utaona mstari wa "Inactivity timeout (--ping-restart), restarting", hapo ndo imegundua. Halafu ikoni inakuwa ya njano ikijaribu tena, na ikirudi logi inamalizia na "Initialization Sequence Completed".

VPN ya Windows yenyewe aina ya IKEv2 ina uvumilivu mkubwa zaidi, kwenye mipangilio yake ya juu ya usalama kuna muda wa kusubiri mtandao urudi na kwa kawaida ni dakika 30. Ilifanywa hivyo makusudi ili ukihama kutoka waifai kwenda data isikukate, ila maana yake unaweza ukakaa muda mrefu ukiona "Connected" na hakuna kitu. Unaweza kuupunguza, dakika 5 zinatosha kwa watu wa ofisini.

Usishushe namba za OpenVPN mwenyewe. Zinatoka kwenye seva, na ukiweka ndogo sana kwenye mtandao wetu unaoyumba VPN itakuwa inakata na kuunga kutwa.

DALILI YA NNE: Ikoni haipo kabisa

Anza na kamshale kadogo ka ^ pembeni ya saa, Windows 11 inapenda kuficha ikoni humo. Iburute iwe nje, au nenda "Settings", "Personalization", "Taskbar", "Other system tray icons" uiwashe. Isipokuwepo hata humo, fungua Task Manager, tafuta Windows Explorer, bofya kulia uirestati, tasbaa itapotea sekunde moja irudi. Bado haipo? Basi programu ya VPN imeanguka, na angalia vizuri, programu ya kuonesha ikoni na huduma inayoendesha VPN ni vitu viwili, ya kwanza inaweza kufa na ya pili ikaendelea, kwa hiyo kukosa ikoni hakumaanishi VPN haipo. Rudi kwenye pingi.

Wa Linux wenye GNOME, ikoni za tasbaa za mtindo wa zamani ziliondolewa toka 3.26 mwaka 2017. Ubuntu wanakuwekea kiongezeo cha AppIndicator tayari, Fedora hawakuwekei, weka mwenyewe. Na VPN uliyoiwasha kwa terminali inaweza isionekane kwenye ikoni ya mtandao hata siku moja. Wa MacBook Pro za inchi 14 na 16 za kuanzia 2021, ikoni zikizidi zinajificha nyuma ya kile kikato cha kamera, funga programu chache za juu huko itatokea.

DALILI YA TANO: Ikoni inasema imekatika, kumbe inafanya kazi

Haina madhara. Kawaida una programu mbili za VPN na unaangalia ya ile isiyotumika. Ondoa moja. Na usichanganye na ikoni ya mtandao ya Windows ile ya dunia, hiyo inahusu intaneti, Windows inajaribu kuvuta kafaili kadogo kutoka www.msftconnecttest.com na VPN ikikazuia inakwambia hakuna intaneti wakati ipo.

ISHARA YAKO MWENYEWE

Baada ya yote haya ushauri wangu ni huu, weka kitu kinachopima njia yenyewe. Windows cha haraka ni kuacha dirisha dogo la cmd wazi pembeni:

ping -t 10.8.0.1

Likianza kuandika "Request timed out" mfululizo, simamisha kazi. Mstari mmoja mmoja kupotea kwenye data ya simu ni kawaida, usishtuke. Wa Linux hii hapa inakupa taarifa kwenye skrini:

while true; do
ping -c 2 -W 3 10.8.0.1 > /dev/null || notify-send "VPN imekatika"
sleep 30
done

Hakikisha tu hujawasha hali ya usisumbuliwe, maana taarifa zitajificha.

UKIFIKA HATUA YA KUMWITA FUNDI

Mwite ikiwa logi inataja cheti kilichoisha au kisichotambulika, ikiwa laptopu ni ya kampuni na huna ruhusa ya kubadilisha mipangilio, ikiwa salamu ya WireGuard haiji kabisa hata ukibadilisha mtandao, au ikiwa mtu mwingine anakushauri uingie kwenye rejista ya Windows. Muulize pia jambo la usajili, kwa sababu Oktoba 2023 TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ilitangaza kwamba watu na kampuni zinazotumia VPN zitoe taarifa zao pamoja na anwani za IP, na tarehe ya mwisho ilikuwa 30 Oktoba mwaka huo, ofisi nyingine ndogo hapa mjini hazijui hata kama linawahusu.

Mtumie aina ya VPN, ulikuwa kwenye mtandao gani, saa iliyokata, majibu ya pingi, skrinshoti ya ikoni na mistari ya mwisho ya logi. Usimtumie faili la .ovpn au .conf kwenye WhatsApp, ndani yake kuna ufunguo wa siri na yeyote atakayelipata anaweza kuingia ofisini kwenu kama wewe. Kama ulishawahi kulituma kwenye grupu la kazi mwambie aufute ufunguo huo kwenye seva na akutengenezee mwingine siku hiyo hiyo.